Bandama Lisilorudi: Somo kwa Mlezi kuhusu Ugonjwa wa Gaucher

Katika mkutano mmoja wa elimu kwa umma huko Madibira, wilayani Mbarali, bibi mmoja alisubiri hadi watu wametawanyika ndipo akatusogelea. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akamsogeza mbele mjukuu wake, mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye miguu myembamba na tumbo lililotuna. Upande wa kushoto wa tumbo hilo palikuwa na safu tatu za makovu ya chale. Kutoka kwenye kikapu bibi alitoa chupa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya dawa ya maji, haina lebo ila kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu "Bandama". Ya pili ilikuwa ya vidonge vilivyoitwa vimeng'enya vya asili. Ya tatu, ambayo ilikuwa haijafunguliwa, ilikuwa ya dawa ya kuongeza damu.

"Wanangu," alisema, "nimeuza magunia mawili ya mpunga kwa hizi. Ya kweli ni ipi?"

Alituambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba mama wa mtoto alikuwa amerudishwa kwao, kwa kuwa ndugu wa mume walisema ugonjwa wa tumbo umetoka katika ukoo wake.

Hatukuweza kumwambia mtoto anaugua nini. Kazi yetu ni kusimamia ubora na usalama wa dawa. Kutambua ugonjwa ni kazi ya daktari. Lakini maswali ya bibi yule, lile la chupa na lile la mkwewe, yanastahili jibu refu kuliko tulilompa siku ile tukiwa tumesimama juani. Tumeandika somo hili kwa ajili yake na kwa kila mlezi ambaye mtoto wake amevimba bandama, akatibiwa malaria, na bandama lisirudi.

Kwanza yaliyo ya kawaida

Bandama, ambalo vitabu vya shule huliita pia wengu, liko upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi yake kubwa ni kuchuja damu: huzikamata chembe zilizozeeka na kuziondoa, na husaidia kupambana na vijidudu. Kwa mtoto mwenye afya bandama halipapasiki kwa urahisi. Linapopapasika, daktari huanza kutafuta sababu.

Katika bonde la Usangu sababu za kawaida zinajulikana. Malaria inayorudiarudia ni ya kwanza. Kichocho cha matumbo, ambacho humpata mtu anayeingia katika maji yenye konokono wa kichocho, huweza kuliumiza ini na hatimaye kulivimbisha bandama. Selimundu nayo huvimbisha bandama la mtoto mdogo, na pengine kwa ghafla sana, hata damu nyingi ikanaswa humo ndani ya saa chache. Hiyo ni hali ya dharura isiyongoja kesho. Kifua kikuu, VVU na saratani za damu pia zimo katika orodha ya daktari.

Kwa hiyo tunaomba msomaji asitoke katika ukurasa huu akiamini kwamba kila tumbo lililotuna ni ugonjwa wa Gaucher. Ugonjwa huu ni adimu. Duniani kwa jumla hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 40,000 hadi 60,000 wanaozaliwa. Unaandikiwa somo kwa sababu nyingine: familia inayoupata huzunguka miaka mingi ikinunua tiba za magonjwa mengine, na miaka hiyo mifupa ya mtoto inaharibika.

Pumba zisizoondolewa

Jina hilo hutamkwa "Goshe". Ni la daktari Mfaransa, Philippe Gaucher, ambaye mwaka 1882 alieleza habari za mwanamke wa miaka 32 mwenye bandama kubwa mno. Yeye alidhani ni uvimbe wa aina ya saratani. Ilipita zaidi ya miaka 80 kabla chanzo halisi hakijajulikana. Mwaka 1965 Roscoe Brady na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wagonjwa hawa wana upungufu wa kimeng'enya kimoja kiitwacho glukoserebrosidasi. Jina ni refu, lakini kazi yake yaeleweka.

Mkulima wa Madibira anajua mashine ya kukoboa mpunga. Mchele hutoka upande huu, pumba hutoka upande ule, na asipokuwapo mtu wa kuzizoa pumba, zitajaa hadi mlangoni na kazi itasimama. Ndani ya mwili nako kuna uzoaji wa namna hiyo. Chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120. Ikizeeka, humezwa na seli za usafi ziitwazo makrofaji, ambazo ziko kwa wingi katika bandama, katika ini na katika uboho wa mifupa. Utando wa chembe iliyomezwa una aina ya mafuta, yaani lipidi, iitwayo glukoserebrosidi. Katika seli mna vifuko vidogo, lisosomu, na humo kimeng'enya tulichokitaja huikata lipidi hiyo vipande viwili ili mwili uvitumie tena. Kimeng'enya kikipungua sana, lipidi haikatwi. Hubaki katika vifuko, seli ikavimba, na seli zilizovimba zikajaa katika viungo tulivyovitaja.

Hapo ndipo dalili zinapotoka. Bandama hukua mara nyingi kupita ukubwa wake, na ini hulifuata. Bandama kubwa hukamata chembe za damu kupita kiasi, na uboho uliojaa hauwezi kutengeneza nyingine za kutosha. Mtoto akawa mweupe wa viganja, akachoka upesi, akatokwa damu puani au kwenye fizi, akapata michubuko asikoangukia. Mifupa huuma, wakati mwingine kwa maumivu makali ya siku kadhaa yanayofanana sana na yale ya selimundu. Nyonga huweza kuharibika, mfupa huweza kuvunjika kwa jambo dogo. Wengi hudumaa, na kubalehe kukachelewa.

Madaktari hugawa ugonjwa huu katika aina tatu. Aina ya kwanza, iliyo ya kawaida zaidi, haigusi ubongo. Yaweza kujitokeza utotoni, au mtu akaishi nayo hadi utu uzima bila kujua. Aina ya pili huanza katika miezi ya mwanzo ya uhai, hushambulia ubongo, na kwa kawaida mtoto hafikishi miaka mitatu. Ni kweli chungu, na mzazi ana haki ya kuambiwa waziwazi kabla hajauza shamba. Aina ya tatu nayo hugusa ubongo, ila polepole.

Neno "mafuta" limewaponza wengi. Wapo walioacha kupika kwa mafuta, walionyima watoto maziwa na karanga, kwa kudhani kwamba mafuta yaliyojaa katika bandama ni yale ya sahani. Siyo. Lipidi hii hutokana na chembe za mwili wenyewe. Mtoto anayenyimwa chakula chenye mafuta hapati nafuu yoyote. Anaongezewa utapiamlo juu ya ugonjwa.

Nani ameuleta?

Sasa turudi kwa mkwe wa bibi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hiki, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja yenye kasoro na nyingine nzima haugui ugonjwa huu, kwa kuwa nakala nzima inatosha. Huyo huitwa mbebaji, na kwa kawaida hajijui. Mtoto huugua pale tu anapopokea nakala yenye kasoro kutoka pande zote mbili.

Maana yake ni nyepesi kueleza na nzito kuikubali: pasipo nakala ya baba, ugonjwa huu haupo. Ikiwa mtoto ana ugonjwa wa Gaucher, karibu kila mara baba na mama wote wawili ni wabebaji, na hakuna aliyetenda kosa, wala aliyerogwa, wala aliyekula kilichokatazwa wakati wa ujauzito. Kumrudisha mwanamke kwao kwa sababu hii ni kumwadhibu mtu mmoja kwa urithi wa wawili.

Wabebaji wawili wanapozaa, katika kila mimba kuna uwezekano wa mmoja kati ya wanne kwamba mtoto ataugua. Hesabu hii hueleweka vibaya. Haina maana kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu upya. Ndoa za ndugu wa karibu huongeza uwezekano, kwa kuwa nakala ileile yenye kasoro ya babu mmoja yaweza kukutana katika mjukuu. Lakini watoto wengi wenye ugonjwa huu huzaliwa na wazazi wasio na udugu wowote unaojulikana.

Watanzania tayari wanalijua somo hili kwa jina jingine, kwa maana selimundu hurithiwa kwa njia hiyohiyo, na takribani watoto 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka. Aliyeielewa selimundu ameelewa nusu ya somo hili.

Husemwa pia kwamba Gaucher ni ugonjwa wa Wayahudi. Ni kweli kwamba miongoni mwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki hupatikana zaidi, karibu mtoto mmoja katika 850. Lakini hupatikana katika mataifa yote, na madaktari wa Afrika Kusini wamekwisha kuandika juu ya wagonjwa weusi wa nchi hiyo. Mganga akikwambia kwamba Mwafrika haupati, amekosea.

Kipimo

Mwanzo wa safari ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya. Kwa wakazi wa Madibira hiyo ni Rujewa, ingawa wako wanaoona barabara ya Mafinga ni nyepesi zaidi kwao. Huko mtoto apimwe malaria, selimundu na kichocho, ahesabiwe chembe zote za damu, na tumbo lipigwe picha ya mawimbi ya sauti, yaani utrasaundi. Majibu haya yote yakiwa hayaelezi bandama, mlezi ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, yaweza kuwa ni ugonjwa wa kurithi wa kuhifadhi lipidi?" na kuomba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Taifa Muhimbili. Swali hilo si utovu wa heshima. Ugonjwa huu ni adimu, na daktari mwema hufurahi kukumbushwa.

Kipimo chenyewe hupima nguvu ya kimeng'enya katika damu. Huweza kufanywa kwa matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi maalumu. Akina mama waliopeleka vichanga kupimwa VVU wameiona karatasi ya namna hiyo. Uzuri wake ni kwamba husafiri: si lazima mtoto apelekwe ilipo maabara, karatasi hupelekwa kwa niaba yake.

Kipimo cha vinasaba huweza kuongezwa ili kujua aina ya kasoro. Hapa tuna tahadhari. Nchini mwetu upimaji wa vinasaba vya binadamu unasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba akichukua mate au nywele ili "kusoma ukoo" kwa malipo usimpe chochote kabla hujaona uthibitisho wa usajili wake, na ni heri ukamuuliza mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Fedha yako na chupa zile

Dawa ya kweli ya ugonjwa huu ipo. Mwaka 1991 Marekani iliidhinisha ya kwanza, iliyotengenezwa kwa kukamua kimeng'enya kutoka katika makondo ya nyuma ya wazazi waliojifungua, maelfu kwa maelfu kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Tangu mwaka 1994 hutengenezwa kwa seli zinazokuzwa maabara, na moja iliyoidhinishwa mwaka 2012 hutengenezwa ndani ya seli za karoti. (Tunaharakisha kusema: karoti za sokoni hazina kimeng'enya hicho, hata ukizikamua gunia zima.) Vipo pia vidonge ambavyo havirudishi kimeng'enya bali hupunguza utengenezaji wa lipidi, na hutolewa na daktari bingwa kwa wagonjwa maalumu.

Mambo manne juu ya kimeng'enya cha tiba yatakukinga na ulaghai. Hutolewa kwa dripu katika mshipa, kwa muda wa saa moja au zaidi, kila baada ya wiki mbili, kwa maisha yote. Hakuna dozi ya mwezi mmoja inayomaliza ugonjwa. Hakimezwi, kwa sababu kimeng'enya ni protini, na tumbo hukimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kwa hiyo hakiwezi kuwa katika kikapu cha mchuuzi wa mnadani. Na bei yake ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani: kwa mtu mzima Marekani hupita dola 200,000 kwa mwaka. Anayekuuzia "kimeng'enya cha bandama" kwa bei ya gunia la mpunga anakuuzia kitu kingine.

Kinapotumiwa kwa wakati, bandama na ini hupungua, damu hupanda, maumivu ya mifupa hupoa, na mtoto hukua. Hakifiki katika ubongo, ndiyo maana hakizuii madhara ya aina ya pili.

Je, mkulima atapata wapi dola hizo? Tusimdanganye msomaji: hatazipata mfukoni. Hata hivyo watengenezaji wamekuwa na mipango ya msaada inayowapa dawa bure baadhi ya wagonjwa katika nchi ambazo haziwezi kuinunua. Maombi hupelekwa na daktari anayemtibu mgonjwa, yakiwa na majibu ya kipimo. Hayapiti kwa wakala, wala hayana ada ya fomu inayotumwa kwa simu. Dawa isiyosajiliwa nchini nayo huweza kuingizwa kwa ajili ya mgonjwa maalumu kwa kibali cha Mamlaka, na anayeomba kibali hicho ni hospitali au mwingizaji wa dawa aliyeruhusiwa. Kadi ya bima ikiwapo, uliza kabla ya safari ni huduma zipi inazilipia. Mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali kwa mujibu wa sera, na aliyezidi umri huo ambaye familia yake haina uwezo huweza kuombewa msamaha kupitia afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Turudi kwenye kikapu. Chupa isiyo na lebo si dawa mbele ya sheria, hata kama muuzaji ni jirani mwema. Chombo cha dawa hutakiwa kionyeshe jina la dawa na la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda. Dawa ya asili nayo ina utaratibu wake chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga aliyesajiliwa hachukizwi kuulizwa cheti.

Vidonge vya vimeng'enya tumekwisha kuvieleza. Kuhusu dawa ya kuongeza damu tunasema: isubiri kipimo. Upungufu wa damu wa mgonjwa wa Gaucher mara nyingi hautokani na ukosefu wa madini ya chuma, na kumwongezea chuma asichokihitaji kwaweza kumdhuru.

Maumivu ya mifupa humpeleka mzazi kwenye duka la dawa muhimu kununua aspirini au diklofenaki. Mtoto mwenye bandama kubwa huenda ana chembe sahani chache, zile zinazogandisha damu, na dawa hizo huzidhoofisha zaidi. Mwambie muuzaji wazi kwamba mtoto amevimba bandama na hutokwa damu puani. Parasetamo kwa kipimo sahihi ni salama zaidi wakati unamngoja daktari.

Lililotuuma zaidi siku ile ni zile chale. Bandama lililovimba limejaa damu na ngozi yake imenyooka. Kulikanda, kulichoma au kulipiga kwaweza kulipasua, na mtoto akafa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Wembe unaochanja mtoto wa tatu baada ya wawili hubeba homa ya ini na VVU. Kwa sababu hiyohiyo mtoto huyu asicheze mieleka wala kubeba mzigo unaomgonga tumboni, na mwalimu wake aambiwe. Akianguka kisha akalalamika maumivu upande wa kushoto wa tumbo au begani, akalegea au akapauka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Bibi alitusikiliza hadi mwisho. Tulimwomba chupa isiyo na lebo ili tuichunguze, tukamwandikia hati ya kuipokea. Nyingine mbili tulimshauri azibebe hadi hospitali pamoja na karatasi zote za vipimo, daktari azione kwa macho yake, na wazazi wote wawili wafuatane na mtoto, maana huenda damu ya kila mmoja ikahitajika.

"Wote wawili?" aliuliza.

Tukamwambia wote wawili. Akavirudisha vitu kikapuni, akamshika mjukuu mkono, akamwomba mtu wa bodaboda namba ya simu ya baba wa mkwewe.